Selimundu na swali la kibebeo katika tiba ya jeni

Tarehe 8 Desemba 2023 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliidhinisha kwa siku moja tiba mbili za jeni kwa ajili ya selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozifanya chembe nyekundu za damu zijikunje, na tangu wakati huo wazazi wengi ninaokutana nao katika kazi yangu ya maabara ya damu huniuliza maswali mawili: tiba hiyo itafika lini kwetu, na inagharimu kiasi gani. Ni maswali ya haki, na kwa mzazi anayekesha na mtoto mwenye maumivu ya mifupa hakuna maswali makubwa kuliko hayo. Hata hivyo, kadiri ninavyoifuatilia tiba hii, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba liko swali la tatu linalotangulia hayo mawili, ambalo jibu lake ndilo linaloamua bei, na ndilo linaloamua kama tiba inaweza kutolewa Mwanza au Kigoma: je, jeni hiyo inaingizwaje ndani ya seli, na inabebwa na nini?

Kosa linaloleta selimundu limejulikana tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Katika miaka ya 1950 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, inatofautiana na ya kawaida kwa asidi ya amino moja tu kati ya zile zinazoijenga, valini ikiwa imekaa mahali pa asidi ya glutamiki. Katika DNA yenyewe ni herufi moja iliyobadilika, A ikawa T. Tena jeni hii ni fupi, kwani maagizo ya kutengeneza mnyororo wa beta wa himoglobini hayafiki herufi 450. Kwa hiyo kwa miongo mingi wanasayansi walijua kosa liko wapi na usahihi wake ungekuwaje, na watoto wakaendelea kufa, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuufikisha usahihi huo katika seli za uboho zinazozalisha damu.

Ugumu huo unaeleweka ukikumbuka kwamba seli haikuumbwa kupokea DNA ya kigeni. DNA tupu ikiwekwa katika damu hukatwakatwa na vimeng'enya kabla haijafika popote, na hata ile inayofika hukuta utando wa seli ambao hauipitishi. Virusi ndio wenye ujuzi wa kuvuka utando huo na kupeleka maagizo yao hadi ndani. Watafiti waliwaondolea virusi jeni zinazowawezesha kuzaliana na kudhuru, wakaweka jeni ya tiba mahali pake, na chombo kilichopatikana ndicho maabara hukiita vekta. Mimi nitakiita kibebeo. Tangu mwanzo, historia ya tiba hii imekuwa historia ya kuchagua vibebeo, na baadhi ya machaguo yaligharimu maisha.

Kifo cha Jesse Gelsinger kinapaswa kujulikana na kila anayezungumzia tiba ya jeni. Alikuwa kijana wa miaka 18 kutoka Arizona, aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha ini kinachousaidia mwili kuondoa amonia, na hali yake ilikuwa imedhibitiwa kwa lishe na dawa. Alijitolea katika jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na tarehe 13 Septemba 1999 aliingiziwa, kupitia mshipa unaopeleka damu kwenye ini, chembe zipatazo trilioni 38 za adenovirusi iliyobeba jeni aliyoikosa. Siku nne baadaye alifariki. Kilichomwua hakikuwa jeni bali mwitikio mkali wa kinga ya mwili dhidi ya kibebeo. Kwa sifa za kwenye karatasi adenovirusi ilistahili kuchaguliwa, maana ina nafasi kubwa ya mzigo na huingia kwa urahisi katika seli za aina nyingi; lakini mwili wa binadamu huitambua, kwa kuwa adenovirusi za kawaida hutuletea mafua tangu utotoni, na huikabili kwa nguvu. Sifa hiyo hiyo iliyomwangamiza kijana yule inafaa mahali pengine: chanjo ya Johnson & Johnson iliyotolewa Tanzania kuanzia Julai 2021 wakati wa UVIKO-19 ilitumia kibebeo cha adenovirusi, kwa sababu katika chanjo kuiamsha kinga ndilo lengo lenyewe.

Karibu wakati huo huo, katika hospitali ya Necker mjini Paris, Alain Fischer na Marina Cavazzana walikuwa wakitibu watoto wachanga wa kiume waliozaliwa bila kinga ya mwili. Kibebeo chao kilikuwa retrovirusi ya panya, ambayo huipachika jeni ndani ya kromosomu za seli, ili seli inapogawanyika wajukuu na vitukuu vyake wote wairithi. Watoto walipona, wakatoka katika vyumba vya kutengwa wakaenda nyumbani, na ulimwengu ukafurahi. Kisha, kuanzia mwaka 2002, baadhi yao wakaanza kupata lukemia, aina ya saratani ya damu. Kati ya watoto 20 waliotibiwa Paris na London kwa namna hiyo, watano walipata lukemia na mmoja akafariki. Katika wengi wao jeni ya tiba ilikuwa imepachikwa karibu na jeni iitwayo LMO2, na vipande vya kirusi vyenye nguvu ya kuwasha jeni vikaiwasha jeni hiyo jirani bila kikomo. Ni vigumu kusoma habari hizi bila kuwafikiria wazazi waliomwona mtoto akipona mara ya kwanza, halafu wakaitwa tena hospitali.

Baada ya maafa haya mawili, watafiti wengi waligeukia kirusi kidogo sana kinachojulikana kwa kifupi cha AAV, chenye kipenyo cha nanomita 25 hivi, kilichogunduliwa mwaka 1965 kikiwa kimechanganyika na adenovirusi katika maabara. AAV haijulikani kusababisha ugonjwa wowote kwa binadamu, na peke yake haiwezi hata kuzaliana mpaka isaidiwe na kirusi kingine. Jeni inayoiacha ndani ya seli kwa kawaida hukaa kando ya kromosomu bila kupachikwa humo, jambo linalopunguza sana hatari iliyoonekana Paris. Tena ipo ya aina nyingi, na kila aina ina viungo inavyovipendelea: AAV2 imetumika katika jicho, AAV5 katika ini, na AAV9 ina uwezo wa kuvuka kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo na uti wa mgongo.

Matunda yake ni ya kweli. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha Luxturna kwa watu wanaopoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya kasoro katika jeni ya RPE65, na mwaka 2019 ikaidhinisha Zolgensma kwa watoto wa chini ya miaka miwili wenye ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli unaotokana na kufa kwa neva za uti wa mgongo. Aina kali ya ugonjwa huo, isipotibiwa, huwaua watoto wengi kabla ya kutimiza miaka miwili. Leo wapo waliotibiwa mapema ambao wanakaa na kutembea. Lakini tazama tofauti ya dozi. Jicho moja hupewa chembe bilioni 150 chini ya retina, mahali padogo palipofungwa ambapo kinga ya mwili haiingii kwa ukali, ilhali mtoto anayetibiwa kwa Zolgensma hupewa kwa mshipa chembe trilioni 110 kwa kila kilo ya uzito wake. Katika viwango vikubwa namna hiyo ini huumia, na wapo watoto waliofariki kwa ini kushindwa kufanya kazi. Mwaka 2025 ziliripotiwa habari za vijana wawili wenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne waliofariki kwa sababu hiyo baada ya kupewa Elevidys, tiba nyingine inayobebwa na AAV. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba AAV ni salama hajamaliza sentensi. Inabidi aseme ni kwa kiungo gani, kwa dozi gani, na kwa mwili wenye uzito gani.

Kuna vizuizi vingine. AAV hubeba herufi zipatazo 4,700 tu. Maagizo ya protini ya distrofini inayokosekana katika ugonjwa wa Duchenne yana herufi zipatazo 11,000, ndiyo maana Elevidys hubeba toleo lililofupishwa sana la protini hiyo. Njia nyingine ni kuigawa jeni katika vibebeo viwili na kuiacha iungane ndani ya seli, kama kitanda kinachofunguliwa ili kipite mlangoni kisha kikaungwa upya chumbani. Ndivyo walivyofanya madaktari wa Shanghai kwa watoto waliozaliwa viziwi kwa kukosa jeni ya otoferlini, na katika matokeo yaliyochapishwa Januari 2024 watoto watano kati ya sita walipata kusikia. Kisha kuna suala la kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya mvamizi. Watu wengi wamewahi kukutana na AAV za asili bila kujua, na mtu mwenye kingamwili za kutosha huiharibu dawa kabla haijafika inakopelekwa; aliyekwisha kutibiwa mara moja naye hubaki na kingamwili nyingi kiasi kwamba dozi ya pili haiwezekani kwa kawaida. Kibebeo hiki hutoa nafasi moja, na dozi isiyotosha haiongezewi baadaye.

Hapa ndipo wasomaji wengi huniuliza kwa nini basi AAV haitumiki kuingiza jeni mpya ya himoglobini, ilhali jeni hiyo ni fupi na ingeingia bila shida. Jibu liko katika tabia ya seli zenyewe. Neva ya uti wa mgongo haigawanyiki, kwa hiyo jeni iliyoachwa kando ya kromosomu hubaki humo kwa miaka. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120 kwa mtu mwenye afya, na kwa mwenye selimundu hufa mapema zaidi, hivyo seli shina za uboho hazina budi kuzalisha nyingine mfululizo. Jeni isiyopachikwa hainakiliwi seli inapogawanyika, na baada ya vizazi kadhaa vya seli hupungua hadi kutoweka. Kwa selimundu, basi, ni lazima ama kuipachika jeni mpya katika kromosomu ya seli shina, pamoja na hatari zake zote, ama kuihariri DNA iliyomo humo tayari. Tiba mbili za Desemba 2023 zinawakilisha njia hizo mbili.

Ya kwanza, Lyfgenia, hutumia lentivirusi, yaani kibebeo kilichotengenezwa kutokana na HIV baada ya kuondolewa uwezo wa kuzaliana na wa kuleta ugonjwa. Lentivirusi ina nafasi ya kutosha kubeba si jeni peke yake bali pia vipande vya DNA vinavyoiamuru jeni hiyo ifanye kazi katika seli zinazozaa chembe nyekundu tu, na imeondolewa vile vipande vya kuwasha jeni jirani vilivyoleta balaa Paris. Jeni inayobebwa nayo ni ya himoglobini iliyobadilishwa mahali pamoja kwa makusudi ili izuie chembe zisijikunje. Katika jaribio, wagonjwa 28 kati ya 32 hawakupata mashambulizi ya maumivu kati ya mwezi wa 6 na wa 18 baada ya tiba. Hata hivyo dawa hii ina onyo kali la saratani ya damu, kwa kuwa wagonjwa wawili waliopewa toleo lake la awali waliugua lukemia. Onyo hilo si la kupuuzwa: katika Skysona, tiba nyingine ya lentivirusi inayotumika kwa ugonjwa wa ubongo wa watoto wa kiume, watoto 7 kati ya 67 walipata saratani ya damu kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024. Kibebeo cha Skysona kilikuwa na kiwashio chenye nguvu kinachofanya kazi katika seli za aina nyingi, tofauti na kile cha selimundu. Kwa maneno mengine, hata ndani ya familia moja ya vibebeo, kinachofungwa pamoja na jeni ni sehemu ya uchaguzi na kinapaswa kuulizwa.

Liko jambo moja kuhusu lentivirusi ambalo sisi wa maabara za Afrika Mashariki tunapaswa kulisema kwa sauti kabla tiba haijafika. Kwa kuwa vipande vya asili ya HIV hubaki katika DNA ya mgonjwa aliyetibiwa, kipimo cha PCR kinachotafuta DNA ya HIV kinaweza kuonyesha ameambukizwa wakati hajaambukizwa. Vipimo vya haraka vya kingamwili havihusiki. Lakini katika jamii ambayo majibu ya HIV yameweza kuvunja ndoa na kumfukuzisha mtu kwao, mgonjwa hapaswi kuondoka hospitalini bila maelezo ya maandishi juu ya jambo hili, na fundi wa maabara atakayempima baada ya miaka kumi anapaswa kuwa amefundishwa.

Tiba ya pili, Casgevy, haitumii kirusi hata kidogo. Seli shina za mgonjwa hupitishiwa mshtuko mfupi wa umeme unaofungua utando, na mkasi wa CRISPR, yaani zana ya kuhariri jeni, huingia na kukata sehemu ya DNA inayoizima himoglobini ya kijusi, ile ambayo mtoto huitumia kabla ya kuzaliwa. Sehemu hiyo ikikatwa, himoglobini ya kijusi hurudi kutengenezwa na kuchukua nafasi ya ile yenye kasoro. Wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali. Ukitazama hatari ya kibebeo peke yake, ningeichagua hii.

Walakini tiba zote mbili hufanyika nje ya mwili, na hapo ndipo bei na umbali vinapozaliwa. Mgonjwa hupewa dawa ya plerixafor ili seli shina zitoke katika uboho na kuingia kwenye damu, kwa sababu dawa ya kawaida ya kazi hiyo ni ya hatari kwa mwenye selimundu. Damu huzungushwa katika mashine kwa saa nyingi, wakati mwingine kwa awamu zaidi ya moja, na seli hupelekwa kiwandani, zikatengenezwa kwa ajili ya mtu huyo mmoja tu, zikagandishwa na kurudishwa katika mvuke wa naitrojeni. Kabla ya kuzipokea, mgonjwa hupewa busulfani, dawa kali inayousafisha uboho wake wa zamani, ambayo humweka wodini kwa wiki kadhaa bila kinga na inaweza kumnyima uwezo wa kuzaa. Bei iliyotangazwa ya Lyfgenia ni dola milioni 3.1, ya Casgevy milioni 2.2. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Hata tiba hizi zikitolewa bure, hatuna vitanda vya upandikizaji vya kuwatosha watoto hao, na sidhani iko nchi yoyote yenye navyo.

Kwa sababu hiyo macho yangu yako kwenye kibebeo cha tatu, ambacho wengi wetu tumewahi kudungwa bila kukifikiria: vitone vidogo vya mafuta vilivyobeba RNA, yaani nakala ya muda ya maagizo ya jeni, katika chanjo za Pfizer na Moderna. Vitone hivi havina protini za kirusi za kuamsha kingamwili kama za AAV, kwa hiyo dozi inaweza kurudiwa. RNA yake hutoweka baada ya siku chache, na ikiwa imebeba maagizo ya kuhariri jeni, mkasi hufanya kazi yake na kuondoka. Mwaka 2025 madaktari wa hospitali ya watoto ya Philadelphia walitangaza kwamba wamemtibu mtoto mchanga mwenye ugonjwa adimu wa ini kwa tiba iliyotengenezwa kwa ajili ya kosa lake peke yake, ikabebwa na vitone hivyo, na akapewa dozi tatu zilizoongezwa hatua kwa hatua. Hakuna mtoto aliyetibiwa kwa AAV ambaye angeweza kuongezewa dozi namna hiyo.

Tatizo ni kwamba vitone vya mafuta vikiingia katika damu hukimbilia kwenye ini, kwa kuwa hujivika protini ambayo ini lina vipokezi vyake. Selimundu iko katika uboho. Watafiti wanajaribu kuvibandika kingamwili inayotambua alama ya CD117 iliyo juu ya seli shina za damu, na mwaka 2023 kundi moja la Philadelphia lilichapisha matokeo ya panya na ya seli za wagonjwa yaliyoonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Kutoka panya hadi mtoto wa Kahama ni safari ndefu. Lakini hii ndiyo njia ambayo siku moja tiba ingekuwa sindano ya mshipani katika hospitali ya mkoa, bila busulfani na bila kiwanda cha mtu mmoja mmoja, na ndilo lengo ambalo taasisi za afya za Marekani na Wakfu wa Gates waliahidi mwaka 2019 kulifadhili kwa angalau dola milioni 100 kila upande, kwa ajili ya selimundu na HIV, wakiilenga Afrika.

Wakati tunasubiri, haidroksiurea, dawa ya kumeza ya selimundu, ipo. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya ulionyesha kwamba inapunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto wetu. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imekwisha kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu, na Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa kwa utaratibu wa kisayansi tangu mwaka 2004. Hizi si hatua za kujifariji. Ndizo zitakazotuwezesha kuyapokea majaribio ya tiba hizi tukiwa na maswali yetu.

Na maswali yangu, siku watafiti watakapokuja, yatakuwa haya. Je, wamepima ni watoto wangapi wa Tanga au Mara wenye kingamwili dhidi ya kibebeo chao, au wanategemea takwimu za Ulaya? Je, kibebeo kinapachika, kinahariri, au kinakaa kando, na kama kinakosea kinakosea wapi? Je, dozi inaweza kurudiwa? Na tena, kwa kuwa Marekani inapendekeza aliyetibiwa kwa kibebeo kinachopachikwa afuatiliwe hadi miaka 15, mtoto wa miaka 12 atakayetibiwa leo atatakiwa kuja kupimwa damu hadi atakapokuwa na miaka 27, akiwa pengine amehama mkoa, ameolewa au ameajiriwa mbali: ni nani atakayetunza daftari la jina lake, na ni nani atakayelipa nauli yake na kipimo chake katika mwaka wa 14, baada ya jaribio kufungwa na wafadhili kuondoka?